Aliyeitikia Jina la Fumie

Asubuhi ya kwanza katika nyumba ya Karasawa, Suyun aliamshwa na sauti ya mwanamke akiita jina ambalo, kwa karatasi za serikali, lilikuwa lake.

"Fumie," sauti iliita kutoka chumba cha ndani. "Fumie."

Suyun alikurupuka kwenye godoro. Kijapani chake chote kilikuwa maneno ya kujaza kiganja, lakini la kuitikia alikuwa nalo. Alisukuma mlango wa karatasi, akapita ukumbi mwembamba wa mbao zilizokuwa baridi kama chuma, akasimama kizingitini.

"Hai," akaitikia.

Kinue, mke wa kaka yake, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la wafu, mgongo umeelekea mlangoni. Milango ya kabati ilikuwa wazi, moshi wa ubani unapanda, na kibakuli cha wali wa moto kimewekwa mbele ya vibao vyenye majina ya waliotangulia. Kinue hakugeuka. Mabega yake yalipanda yakaganda huko huko juu. Alichungulia kwanza ndani ya kabati, akachungulia kwa muda mrefu, ndipo akageuza shingo polepole na kumwona Suyun amesimama na nguo za kulalia. Uso ulikuwa umemwisha damu. Kisha akatabasamu, akaonyesha jikoni kwa mkono, na kufanya ishara ya kula.

Suyun alidhani amekosea adabu. Akainama mara nyingi kuliko inavyohitajika, akaenda zake kunywa supu.

Huyu Suyun alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mjane, hakujaliwa mtoto. Alilelewa na mwanamke muuza tofu, jibini la maharage ya soya, katika mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa China, na alikuwa mtu mzima mama yake alipomwambia, akiwa kitandani na ugonjwa uliomwondoa, kwamba hakumzaa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha na walowezi wa Kijapani wakakimbia eneo hilo, Manchuria, bila kujua wanakimbilia wapi, watoto wengi waliachwa njiani. Yeye alikuwa mmoja wao. Muuza tofu alimkuta kando ya mto, nguo zimelowa, ameng'ang'ania mzizi.

Serikali ya Japani ilikuwa ikiwaleta Tokyo watu kama yeye, kundi kwa kundi, wakae ukumbini ndugu waje kuwatambua. Suyun alikaa siku zote za kundi lake bila mtu kumsogelea. Siku ya mwisho, mabegi yakiwa yamekwisha fungwa, mzee mmoja mwembamba mwenye shamba la matufaha katika bonde la Ina alisimama mbele yake, akamtazama sikio la kushoto lenye kovu, akasema, "Huyu ni wangu. Ni mdogo wangu, Fumie." Vipimo vya damu vya wakati ule vilikuwa vya kusema tu nani hawezi kuwa ndugu, na havikusema hivyo. Mwaka uliofuata, 1984, mitufaha ikiwa bado haijachanua, Suyun akahamia bondeni.

Mzee huyo aliitwa Tokuji. Hakuwa mtu wa maneno. Akitaka kumwambia jambo dadake, aliliandika kwa fimbo kwenye udongo wa shambani, maana herufi nyingi za Kijapani zimetoka China na Suyun alizijua. *Maji. Ngazi. Pumzika.* Suyun alisoma akaitikia kwa kichwa. Waliweza kushinda hivyo kutwa nzima, wakielewana kama mabubu wawili.

Kuongea ndiko kulikomshinda. Aliposikia Kijapani alisikia mvua ikinyesha juu ya bati, haina mwanzo wala mwisho. Dukani alisoma bango la chumvi, la sukari, la siki, lakini mwenye duka akimsemesha, alitoka nje bila kununua kitu.

Ndipo Kinue akampeleka kwa Mwalimu Nakagome.

Mwalimu Nakagome alikuwa mke wa kinyozi, mnene, mwenye kicheko cha mtu anayepiga zulia vumbi. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alijitolea tu, alasiri, katika chumba cha juu cha ukumbi wa kijiji, kwa sababu kulikuwa na watu kadhaa bondeni waliorudi kutoka China na wake au waume zao, na alisema inamuuma kuona watu wazima wakikonda kwa kuona haya.

"Kalamu wekeni chini," aliwaambia siku ya kwanza, akionyesha kwa vitendo. "Nyie mkiachiwa kalamu mtaniandikia riwaya nzima, na sokoni mtakufa njaa. Humu ndani ni mdomo tu."

Palikuwa na Bwana Ma, aliyemfuata mkewe kutoka Harbin, fundi wa viatu, mtu wa mzaha. Kila alipoulizwa "Hujambo?" alijibu "Mimi ni mvivu," kwa sababu ndilo neno alilolikamata vizuri zaidi.

"Bwana Ma, sikukuuliza tabia yako," Mwalimu alimwambia. "Nimekuuliza hali."

"Hali yangu ni mvivu," alisema Bwana Ma, na darasa likacheka.

Suyun alijifunza taratibu. Jina langu ni. Natoka. Samahani. Hiki ni nini. Alirudia akichuma, akiosha vyombo, akipanda mlima. Na jinsi alivyorudia ndivyo mvua juu ya bati ilivyoanza kupambanuka. Tone hapa, tone pale, lilikuwa neno. *Leo.* *Kula.* *Yule.* Ilikuwa furaha ya ajabu, kama ukungu unapoinuka bondeni na paa za nyumba kutokeza moja moja.

Ila kuna mambo ambayo ukungu ukiinuka ungetamani usingeinuka.

Mwezi wa Agosti, wakati wafu wanapokaribishwa nyumbani, walikwenda wote watatu kusafisha makaburi ya ukoo, pembeni mwa kilima juu ya shamba. Kinue alisugua mawe kwa brashi na kuyamwagia maji. Suyun alisaidia kung'oa majani. Ubavuni mwa jiwe moja aliona jina lake, herufi zile zile zilizo kwenye karatasi zake, na chini yake umri wa kufa: miaka minne.

Hakushtuka sana. Alikwisha sikia kwa wengine waliorudi kwamba walikuta majina yao makaburini. Ndugu waliwahesabu wamekufa. Alimgusa Tokuji, akaonyesha jiwe, akafanya ishara ya kufuta, akicheka kidogo. Tokuji aliangalia pembeni. Kinue aliendelea kusugua zile herufi za jina kwa kitambaa kidogo laini, ndani ya mikato, kama anavyosafishwa mtoto nyuma ya masikio. Na alikuwa akiongea. Suyun alikamata neno moja tu: *moto*, la hali ya hewa. Kinue aliliambia jiwe kwamba leo kuna joto, akanyamaza, akatabasamu, akaongeza maji.

Mafundi wa mawe walikuwepo mjini. Hakuna aliyeitwa kuja kufuta.

Septemba, darasani, walifika kwenye maneno ya kukanusha. Mwalimu Nakagome alileta bilauri mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya barafu, akazipitisha mkono kwa mkono. Mwenye kushika bilauri aseme: ni moto, si moto, ni baridi, si baridi. Bwana Ma alishika ya barafu akasema ni moto, akazomewa.

Bilauri ya baridi ikamfikia Suyun. Aliizungushia viganja. Neno alikuwa nalo tayari, lile alilofundishwa, amelirudia njia nzima. Akafungua mdomo.

"Shakkoku ne," alisema.

Halikuwa neno alilofundishwa. Wala sauti haikuwa yake. Ilitoka juu puani, nyororo, ya kubembeleza, kama mtu anayesemea sikioni mwa mtoto. Wanafunzi hawakuona kitu, Kijapani chote kwao kilikuwa kigeni. Lakini Mwalimu Nakagome alisimama na birika mkononi.

"Bi Fumie, umesema nini?"

Suyun alirudia, safari hii likaja na lililotangulia, maana sauti zile zilikuwa zimeshikana tangu zamani. Alikuwa nazo kichwani tangu utoto. Alikuwa akiziropoka akiwa na homa, na mama muuza tofu alimziba mdomo, akidhani ni lugha ya mashetani. "Managu tsubure. Shakkoku ne."

Mwalimu alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Fumba macho," alisema polepole, akifumba yake ili aeleweke. "Si baridi. Ndivyo ulivyosema. Fumba macho, maji si baridi."

Suyun aliiweka bilauri chini. Maisha yake yote alikuwa amebeba sauti zile kama mtu aliyebeba barua katika lugha asiyoisoma, na sasa mke wa kinyozi amemsomea. Mto. Nguo zilizolowa. Mtu alimwambia maji si baridi, kisha akaingia naye.

"Ni mama yangu," alisema.

"Inawezekana." Mwalimu aliweka birika chini, akasita. "Lakini Bi Fumie, watu wa bonde hili hawasemi hivyo. Mama wa hapa asingesema hivyo hata siku moja. Huko ni kaskazini, mbali, kwenye theluji nyingi. Mume wangu aliwahi kuwa na mwanagenzi wa huko, tulikuwa tunamcheka kwa maneno haya haya."

Suyun alielewa nusu. Nusu nyingine aliielewa njiani akirudi, maana mwanafunzi wa lugha huwa hivyo, maneno humfikia akiwa peke yake. Alisimama katikati ya shamba la matufaha. Jua lilikuwa bado juu, wachumaji wa jirani wanaitana kwa vicheko, na yeye akaona baridi mgongoni. Kama mama yangu si wa hapa, mimi ni nani humu?

Hakumwambia mtu. Alianza kusikiliza.

Kila asubuhi Kinue aliketi mbele ya kabati, akagonga kengele ya shaba iliyo kama bakuli, akaita, "Fumie." Suyun alikuwa amekwisha zoea kutoitikia. Sasa alisimama ukumbini, nyuma ya mlango wa karatasi, soksi zikizuia kishindo, akasikiliza jinsi anavyosikiliza kanda za darasani. Mwanzoni alipata maneno matupu. *Wali. Theluji bado. Kaka yako, mgongo.* Baadaye akapata sentensi. Na kuna neno moja lilirudi kila siku, hakulijua, akalibeba mpaka darasani.

"Mwalimu, okyakusan ni nini?"

"Mgeni," alisema Mwalimu Nakagome. "Mtu aliyekuja kwako, utamkarimu, kisha atakwenda zake. Kwa nini?"

"Nimelisikia tu."

Asubuhi iliyofuata alisimama tena nyuma ya mlango. Jua la Oktoba lilikuwa limepenya, ukumbi mzima una rangi ya asali. Kengele ikalia, mlio wake ukakonda mpaka ukaisha.

"Fumie, umeamkaje," alisema Kinue, kwa sauti ya mtu anayempangusa mtoto uso. "Mgeni jana amekula vizuri. Amemaliza samaki wote."

Kimya.

"Sasa usinune. Amechukua jina tu. Kibakuli chako hajakigusa."

Kimya tena. Hakikuwa kimya cha mtu anayeomba. Suyun alikuwa amefanya mazoezi ya mazungumzo kwa miezi mingi, anakijua kimya cha kumngoja mwenzio amalize. Kilikuwa na urefu wa jibu. Kinue akacheka chini kwa chini, kama aliyeambiwa jambo la utundu. Kisha akaulizwa kitu. Hakuna namna nyingine ya kueleza alichosema baada ya hapo.

"Eh? La, hasikii," alisema Kinue. "Hata kama yuko hapo mlangoni. Lugha bado hajaijua."

Suyun alirudi nyuma hatua kwa hatua, kiganja mdomoni. Alitoka nje kwa mlango wa jikoni, akaenda kukaa kwenye banda la zana mpaka Tokuji alipomkuta. Tokuji alimtazama usoni, akachukua fimbo kuandika. Suyun alimshika mkono.

"Kaka, usiandike," alisema kwa Kijapani. "Sema."

Tokuji alijinasua mkono taratibu. Akaweka fimbo chini, akaenda zake shambani.

Yalipita majuma. Yakaja matunda ya kaki, yale machungu ambayo humenywa na kutundikwa kwenye upepo mpaka yageuke matamu. Suyun na Kinue waliketi barazani, kila mmoja na kisu chake, kamba za matunda zikining'inia mbele yao kama pazia la rangi ya machungwa. Suyun alikuwa ametunga sentensi yake tangu alfajiri. Aliigeuza kinywani, akaikagua vitenzi, akaitoa.

"Wifi, mimi si Fumie."

Kinue hakuacha kumenya. Ganda lilitoka refu bila kukatika.

"Kijapani chako kimekua," alisema.

"Kimekua."

"Tangu lini unasikia?"

"Tangu uliposema sisikii."

Kinue akaweka kisu chini. Alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akaongea, polepole, kwa maneno mepesi, kama mtu anayemvusha mwenzake kwenye mawe ya mtoni.

"Fumie alifia mgongoni kwa kaka yake. Tokuji alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa amekwisha kufa kwa homa, baba alikuwa jeshini. Alimbeba, akitembea na wenzake, akimsemesha. Jioni walipopumzika ndipo akajua kwamba alikuwa akisema peke yake. Alimzika kwa mikono. Nilipoolewa humu, jambo la kwanza alilonionyesha ni kile kibao chake. Mimi sikupata mtoto, wifi. Fumie nimekaa naye mimi."

"Na mimi?"

"Alikuwa akienda Tokyo kila kundi lilipokuja. Nilimwambia, unakwenda kutafuta nini, na unajua ulipomzika? Akasema, nakwenda kuangalia tu. Halafu siku ile akarudi akaniambia, palikuwa na mmoja hakuna aliyemjia, ameshika begi lake, anatazama mlango. Basi nikasema huyu ni wangu, ndivyo alivyoniambia." Kinue akachukua tunda jingine, akaligeuza geuza bila kulimenya. "Kovu la sikio aliliona pale pale, akaambia maofisa kwamba analikumbuka. Usingekuwa na mtu wa kukupokea, ungerudishwa."

Upepo ulipita kwenye kamba za matunda. Suyun alitaka kukasirika, akakosa maneno ya hasira. Hayakuwa yamefundishwa bado. Akauliza lililomkaa rohoni zaidi.

"Asubuhi. Unanyamaza, kisha unajibu. Unamjibu nani?"

"Fumie."

"Mimi simsikii."

Kinue alimtazama kwa huruma ya kweli, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejitahidi.

"Labda lugha yako haijafika," alisema.

Tokuji alitokea nyuma ya nyumba na kikapu. Aliwatazama wote wawili. "Umemwambia?" alimuuliza mkewe, naye akaitikia kwa kichwa. Mzee akatua kikapu, akavua kofia, akamwinamia Suyun mpaka kiunoni, hakuinuka. Alikaa hivyo mpaka Suyun alipoona aibu akamshika bega.

"Kaka, inuka. Utaumwa mgongo."

Mwalimu Nakagome ndiye aliyehangaika na habari za kaskazini. Alipiga simu huku na huku kwa watu waliojua watu, mpaka akapatikana bibi mmoja wa bonde la mbali la milimani, ambaye nusu ya kijiji chake ilikwenda Manchuria. Siku hiyo Suyun alishika simu ya kinyozi kwa mikono miwili. Simu humwogofya kila anayejifunza lugha, maana hakuna uso wa kusoma.

"Sema lile neno," alinong'ona Mwalimu.

Suyun alilisema, kwa ile sauti iliyokuwa humo ndani yake. Upande wa pili akasikia mtu anavuta pumzi.

"Nani huyo?" aliuliza bibi. "Unaongea kama watu wa kile kitongoji cha Sawabe. Hakuna anayeongea hivyo tena, wote waliondoka."

"Walikwenda wapi?"

"Waliingia mtoni, mwanangu, adui asiwakute. Kina mama wote na watoto wao. Tuliambiwa hakutoka hata mmoja."

Bibi hakujua jina lolote la kumpa. Alilia kidogo, akamwomba alirudie neno lile mara moja tena, Suyun akalirudia, na simu ikakatwa. Kwa hiyo alijua ametoka wapi, na kwamba hakuna wa kumwendea. Bwana Ma, aliyekuwa akinyolewa pale, alimnunulia mkate wa maharage matamu bila kusema mzaha wowote.

Theluji ilianguka mapema mwaka huo. Kinue aliteleza nje ya jiko akavunjika nyonga, akalazwa hospitali mjini. Alipokuwa akipakiwa kwenye gari alimshika Suyun mkono wa nguo.

"Wali wake," alisema. "Asikae na njaa. Na umsemeshe. Hajazoea nyumba kuwa kimya."

"Tokuji je?"

"Hawezi. Tangu siku ile aliponionyesha kibao, hajaingia tena chumba kile."

Suyun aliogopa, na si aibu kusema hivyo. Asubuhi ya kwanza aliweka kibakuli mbele ya kibao cha yule ambaye jina lake alikuwa akilivaa, akagonga kengele. Theluji ilikuwa imeziba madirisha nusu, chumba kina mwanga wa buluu. Akasema alichofundishwa darasa la kwanza kabisa.

"Habari za asubuhi. Jina langu ni Suyun. Natoka China."

Akangoja. Hakuna kitu. Akainama, akaondoka haraka bila kugeuza mgongo.

Kesho yake aliongeza sentensi, na kesho kutwa nyingine. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Tokuji alikuwa bubu wa kawaida yake, barabara ya darasani imefungwa na theluji. Na yule wa kabatini hakucheka makosa, hakukatiza, hakuongea mbio. Suyun alimweleza habari za tofu, za mto, za mume aliyekufa. Alijikuta akinyamaza katikati, kwa urefu fulani, na kuendelea. Siku hiyo hakujiuliza kwa nini.

Asubuhi moja alitaka kusema kuhusu vijiti vya barafu vilivyoning'inia kwenye ukingo wa paa. Hakujua vinaitwaje. "Maji yaliyosimama," alisema, akitafuta. "Maji, marefu, kama meno." Akanyamaza.

Neno likawepo. Hakuweza kusema limetoka kushoto au kulia. Lilikuwa fupi, la kitoto, lenye mkwaruzo wa kicheko mwishoni, na halikuja kwa ile sauti ya mama aliyoijua. Hii ilikuwa nyingine. Suyun alibaki amepiga magoti, jasho likimtoka katika baridi ile. Halafu, kwa sababu ndivyo mwanafunzi anavyofanya anaposahihishwa, akalirudia kwa sauti.

Barabara ilipofunguliwa, akalitumia darasani. Mwalimu Nakagome aliacha kucheka.

"Hilo umelitoa wapi? Bibi yangu ndiye aliyekuwa akiita barafu hivyo, nikiwa mdogo. Hata mimi nilikuwa nimelisahau."

"Nimefundishwa nyumbani," alisema Suyun.

"Na Kinue?"

"Kinue yuko hospitali."

Mwalimu alimtazama, kisha akageukia ubao na kufuta mahali pasipo na chochote.

Kinue alirudi theluji ikiyeyuka, anatembelea fimbo. Neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa, "Alikusumbua?"

"La. Ananicheka vitenzi," alisema Suyun, na Kinue akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa habari ya kawaida ya nyumbani.

Masika hayo Suyun alisema anataka kurudisha jina. Tokuji alikuwa akifunga matawi ya mitufaha. Mikono yake ilisimama.

"Ukilirudisha," alisema, naye alikuwa anaongea siku hizi, maneno mawili matatu, "utaniitaje mimi?"

"Kaka. Nikuite nani mwingine?"

Sheria ilikuwa na njia ya kujiandikisha upya kwa watu waliojulikana kuwa Wajapani lakini wasiojulikana ni wa nani. Mambo ya kovu yaliachwa yakae kimya; Tokuji alisema mbele ya hakimu kwamba alikosea, na hakimu, aliyewahi kuona wengi, hakuuliza zaidi. Mkalimani aliletwa, akakaa kitako bila kazi. Suyun alijibu kila swali mwenyewe, polepole, akichanganya adabu ya darasani na maneno ya kizamani ya bonde hilo yaliyomfanya karani ainue macho. Alichagua kubaki na jina alilopewa na muuza tofu, lisomwe tu kwa matamshi ya Kijapani.

Asubuhi iliyofuata aliketi mbele ya kabati. Kinue alikuwa jikoni, hawezi tena kupiga magoti. Suyun aliweka wali, akagonga kengele, akaeleza jambo lote la mahakamani tangu mwanzo, na kwamba jina la Fumie sasa ni la Fumie peke yake. Kisha akataja jina jipya. Akangoja kadiri inavyopasa kungoja.

"Anasemaje?" Kinue aliuliza kutoka jikoni.

"Anasema ni gumu kutamka."

Kifuniko cha sufuria kiligonga, maji yakamiminwa.

"Mwambie atazoea," alisema Kinue. "Na njoo ule, supu inapoa."